Oda Elfu Tisa

9 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, isipokuwa goti la mkazamjomba wako limekataa ngazi. Nyumba yetu ina ngazi nne tu, lakini ukimsikia utadhani tunaishi ghorofa ya kumi. Mama yako ametolewa bendeji jicho la kushoto. Anaona. Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba nimezeeka. Jicho la pili litafanyiwa upasuaji Juni, na anakuombea dua kila siku, maana anajua mshahara wako ndio unaofanya kazi hiyo.

Simu siipendi, unajua. Kwenye simu mtu anajibu kabla hajafikiri. Kwa hiyo nakuandikia.

Uliponieleza kazi yako siku ile nilitikisa kichwa kama nimeelewa. Sikuelewa. Sasa nimestaafu, muda ninao, nikafungua akaunti kwenye hilo jukwaa lenu la kununua na kuuza fedha za kigeni. Ile ya majaribio, ya pesa za kuchezea. Jumatatu nikaweka oda moja ya kununua. Nikajaza na vile visanduku viwili vya chini, bei ya kukata hasara na bei ya kuchukua faida. Nikabonyeza. Skrini ikaniambia nina oda tatu.

Nimekagua mizani ya wafanyabiashara miaka thelathini na moja. Sijawahi kuona moja ikawa tatu bila mkono wa mtu. Nieleze taratibu, kama unavyomweleza mtu mzito wa kuelewa.

Kinyozi wa pale kona anakusalimu. Huwa ananinyoa Jumamosi, na sasa naye ameanza kuchungulia skrini yangu.

Mjomba wako

27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kusikia mama anaona, hata kama ameanza na uchokozi. Mimi nimehama. Chumba kipya kiko juu ya duka la dobi, mvuke wa pasi unapanda mpaka kitandani. Nguo zangu zimenyooka zenyewe, mwenye makunyanzi ni mimi. Kazini sijambo. Tumekaa mstari mmoja, watu kumi na wawili, kila mtu na skrini yake, tunajibu wateja kwa maandishi kutwa nzima. Simu zetu tunaziacha kwenye makabati mlangoni.

Hakuna mkono wa mtu, mjomba. Oda si ununuzi. Oda ni ombi. Ukimpa fundi kitambaa, bado hujavaa shati. Wewe ulitoa maombi matatu kwa mpigo: ninunulie sasa, bei ikishuka hadi hapa, niuzie nitoke, ikipanda hadi pale, niuzie nitoke. La kwanza limetimizwa. Mawili yanasubiri, na moja likitimia, la pili linafutwa. Kwa hiyo kila ukiona hesabu ya oda, uliza kwanza: zimetimizwa, zinasubiri, au zimefutwa? Wateja wanaotuandikia kwa hasira, nusu yao wamechanganya hizo tatu tu.

Baki na pesa za kuchezea. Na kinyozi abaki na mkasi wake.

Wako,
Chiriku

15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili na nimeelewa. Nimenunua daftari, nimelipiga mistari, safu tatu: imetimizwa, inasubiri, imefutwa. Mkazamjomba wako anasema ningeyafanya haya nikiwa kazini ningekuwa mkurugenzi. Mama yako ameanza kusoma magazeti ya mwaka jana, anasema asije akapitwa.

Nina swali jingine. Kwenye ukurasa wenu wa mbele, kila jozi ya sarafu ina namba kubwa mbili, ya kijani na nyekundu. Jana kijani ilisema oda za kununua 8,240, nyekundu ikasema oda za kuuza 2,115. Kinyozi anazisomea wateja wake kama matokeo ya mpira. Nilimfundisha mimi mwenyewe kuzisoma, kwa yale uliyonifundisha. Yeye anasema, "Mzee, watu elfu nane hawawezi kupotea njia moja." Nikamwambia kupotea kwa wengi hakuhitaji ramani. Akacheka, lakini macho yake hayakuondoka kwenye ile kijani.

Ana viti viwili pale dukani, cha pili anamkodisha kinyozi mwenzake. Ni mtu wa mipango. Nataka nimpe jibu la uhakika. Hizo oda ni za nani, na zinahesabiwaje?

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Samahani nimechelewa, tulikuwa na wageni wa ukaguzi na kila mtu alivaa viatu vinavyobana. Mpe pole mkazamjomba. Mama mwambie magazeti ya mwaka jana hayana tofauti kubwa na ya mwaka huu.

Kuhusu namba kubwa: ni oda halisi za wateja wetu, zilizo hai wakati huo, na zinasasishwa kila dakika. Ila ziangalie kwa uangalifu. Kwanza, ni hesabu ya oda, si ya watu. Mtu mmoja mwenye wasiwasi anaweza kuweka oda hamsini kabla ya chai. Pili, haisemi ukubwa. Oda ya kibarua na oda ya benki kila moja inahesabiwa moja. Kwa hiyo elfu nane si watu elfu nane, na hata wangekuwa, huenda mzigo wao wote ni mdogo kuliko wa mtu mmoja aliye upande wa pili.

Mwambie kinyozi hivyo. Asiifanye kuwa dira.

Chiriku

20 Aprili

Mpwa wangu,

Huku salama. Mama yako amepewa tarehe, ni 20 Juni.

Ulisema zile ni oda halisi na ziko hai. Sikukutilia shaka wewe. Lakini kazi yangu ilikuwa hivi: ukitaka kuujua mzani, usimwulize mwenye duka. Weka juu yake jiwe unalolijua uzito.

Tarehe 14, alfajiri, nilichagua jozi ya sarafu ambayo hakuna anayeigusa. Kijani ilisema 41. Nikaweka oda kumi za kununua, zote kwa bei ya mbali sana ambayo soko halitaifikia. Kwa akaunti yangu ya majaribio. Pesa za kuchezea. Baada ya dakika mbili kijani ikasema 51.

Nikazifuta zote kumi. Nikasubiri saa nzima. 51. Nikaenda sokoni, nikarudi. 51. Jioni 53. Kesho yake nikaweka tano na kuzifuta. 58.

Nimeandika kila kitu kwenye daftari, pamoja na saa. Oda zangu si halisi, na haziko hai. Kwa nini zinahesabiwa?

Nijibu ukipata nafasi.

Mjomba wako

1 Juni

Mpwa wangu,

Wiki sita. Nimekwenda posta mara nne, karani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Mama yako anauliza kama utakuja kwenye upasuaji. Goti la mkazamjomba wako limepona siku ile ile alipoalikwa arusini.

Kinyozi yupo. Siku hizi anafunga mapema.

Kama barua yangu ya Aprili haikufika, niambie nitaiandika upya.

Mjomba wako

11 Juni

Mjomba, shikamoo.

Barua ilifika. Nisamehe. Kazi zilikuwa nyingi, kisha nikaugua mafua, kisha dobi akapasua bomba na tukakaa siku tatu bila maji. Wametuletea viti vipya kazini, vya magurudumu. Mwenzangu mmoja aliteleza akafika mpaka mlango wa Mkuu wa dawati letu akiwa bado ameketi, tulicheka sana.

Mvua huku imeacha. Nimenunua pazia.

Kwenye upasuaji sitaweza kuja, sijapewa ruhusa. Malipo ya hospitali nimeshatuma yote. Mwambie mama asiogope, safari hii anajua mambo yatakavyokuwa.

Kuhusu lile swali lako, naomba usiniulize tena.

Chiriku

30 Juni

Mpwa wangu,

Upasuaji umekwenda vizuri. Mama yako anaona kwa macho yote mawili, na ameomba tupake rangi ukuta wa sebule kwa sababu anasema hakujua tunaishi hivi. Hilo nimeliweka mbele ili usome barua iliyobaki kwa utulivu.

Sikuulizi kitu. Nakupa habari tu.

Mwanzoni mwa Aprili kinyozi alifungua akaunti ya kweli. Hakuniambia. Aliweka akiba ya duka, akanunua upande wa kijani, maana ilikuwa imefika oda elfu tisa dhidi ya elfu mbili. Bei ikashuka. Akaangalia kijani: elfu tisa. Akasema moyoni, wenzangu hawajatoka, mimi nitoke kwa nini? Akaongeza. Bei ikashuka tena. Elfu tisa na mia moja. Aliuza kiti cha pili, yule kinyozi mwenzake akaondoka na wateja wake. Akaongeza. Akauza kioo kikubwa. Namba haikushuka hata siku moja, Chiriku. Na wewe na mimi tunajua kwa nini haikushuka.

Kufikia mwanzo wa Mei alikuwa amemaliza kila kitu. Sasa ana kiti kimoja na kioo cha mkononi, mteja anajishikia mwenyewe.

Nilipomwonyesha daftari langu, kidole changu kikiwa juu ya tarehe, alinionyesha simu yake. Kumbe naye aliwahi kuuliza. Tarehe 4 Aprili, kabla hajaweka pesa, aliandikia dawati lenu: je, hizi oda ni za kweli? Akajibiwa siku hiyo hiyo: "Ni oda halisi za wateja wetu, zilizo hai wakati huo, na zinasasishwa kila dakika." Ni maneno yaleyale uliyoniandikia mimi siku mbili kabla. Chini pamesainiwa: Mhudumu 6.

Sijui Mhudumu 6 ni nani, wala sikumwuliza mtu.

Sasa langu. Jaribio nililifanya tarehe 14 Aprili. Kinyozi nilimwambia tarehe 5 Mei. Katikati ni wiki tatu. Nilikuwa nikimpita mlangoni kila siku, namwamkia, naendelea. Nilijua mzani ni mbovu na nikanyamaza, mimi, niliyefunga maduka ya watu kwa gramu ishirini. Nilijiambia nasubiri jibu lako. Si kweli. Niliogopa neno lisambae, lifike kwenu, waulize limetoka wapi, na jicho la mama yako bado.

Kazini ningeandika ripoti kwa mkuu wangu, mambo yakaisha. Safari hii sina mkuu, nimekuandikia wewe.

Mjomba wako

22 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie mama nimefurahi, na achague rangi nyeupe, isiyo na lawama.

Mhudumu 6 ni mimi.

Yale maneno si yangu, yako kwenye kadi. Februari tulipewa kadi za majibu ili sote tujibu sawasawa, na ile ilikuwa kadi ya tisa. Nilikuwa nimeiandika mara nyingi mpaka mkono ulikuwa unaiandika wenyewe, hata kwenye barua yako. Nilipoandika niliiamini. Baada ya daftari lako sikuiamini tena, na niliendelea kuiandika.

Mei nilimwuliza fundi anayetunza takwimu. Alicheka kwa upole. Akasema, "Hiyo namba ni pambo la mlangoni. Inajumlisha kila oda iliyowekwa ndani ya siku thelathini zilizopita, hai, iliyofutwa, ya kweli, ya majaribio. Tungeweka za kweli tu, ukurasa ungeonekana kama kituo cha basi usiku."

Nikaenda kwa Mkuu wa dawati. Nakuandikia tulivyosema, maana nimeyarudia kichwani mpaka nayajua kwa moyo.

Akaniuliza, "Kuna mteja amelalamika?"

Nikasema, "Mjomba wangu."

"Ana akaunti gani?"

"Ya majaribio."

"Basi si mteja."

"Ndiyo maana nauliza, bosi. Kama si mteja, kwa nini anahesabiwa?"

Aliinuka akafunga mlango. Akasema mimi ni mfanyakazi mzuri, mwandiko wangu una adabu, Juni kuna nafasi ya usimamizi. Akaniuliza habari za mama. Sikumbuki kumwambia habari za mama. Nikatoka. Nikakaa kwenye kiti changu kipya. Siku hiyo niliituma kadi ya tisa mara nne.

Kwa hiyo na mimi nilinyamaza, mjomba, na kwa sababu ileile. Tumenyamaza wawili kwa ajili ya jicho moja, na mwenye jicho hajui. Naomba asijue.

Barua yako ilinifikia tarehe 6. Tarehe 8 nikafungua mazungumzo yangu yote ya zamani na kutafuta ile sentensi. Watu mia tatu na kumi na wawili. Nikaanza kuwaandikia mmoja mmoja: "Niliwahi kukuambia kwamba hesabu ya oda kwenye ukurasa wetu ni ya oda halisi zilizo hai. Si kweli. Ndani yake zimo oda zilizofutwa na za majaribio. Samahani. Mhudumu 6." Nilianza na wa tarehe 4 Aprili. Jina lake la akaunti ni Mkasi, sikuhitaji kubahatisha.

Niliandika siku mbili, kati ya mteja na mteja. Nilifika mia na arobaini na moja. Wa mia na arobaini na mbili nilikuwa nimeandika jina lake tu, skrini ikazima. Mkuu alikuja na mtu wa ulinzi, mzee mmoja mpole ambaye huwa ananiazima kalamu. Mkuu hakupandisha sauti. Alisema, "Umetumia muda wa kazi kwa mambo yasiyo ya kazi." Nikakabidhi kitambulisho.

Namba iliondolewa kwenye ukurasa kwa siku mbili. Sasa imerudi, ileile, na chini yake wameweka mstari wa herufi ndogo sana: pamoja na oda zilizofutwa na za majaribio. Unaweza kuusoma ukisogeza uso.

Wale mia moja na sabini na mmoja sikuwafikia. Majina yao yamebaki kule ndani. Najaribu kuyakumbuka, nimefika kumi na tisa.

Kazi sina. Dobi ananipa ya kukunja mashuka asubuhi. Kodi ya chumba imelipwa mpaka mwisho wa Agosti. Mkazamjomba asianze kulia.

Chiriku

9 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkazamjomba wako hakulia. Alikwenda chumba cha nyuma, akatoa masanduku yote, akadeki, akatandika kitanda. Ndivyo anavyojibu barua. Mama yako tumemwambia umeacha kazi ile kwa sababu ya mvuke wa dobi kukudhuru kifua. Hakuamini, lakini amelifungua dirisha la chumba hicho.

Jumamosi nilikwenda kwa kinyozi. Nilingoja mpaka wateja wakaisha, haikuchukua muda. Nikamwambia yote. Kwamba Mhudumu 6 ni mtoto wa dada yangu. Kwamba nilikuwa nimejua tangu tarehe 14 Aprili. Sikuongeza sababu.

Alikuwa anafagia. Aliendelea kufagia mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Kiti niliuza tarehe 17, mzee."

Nikasema najua.

"Siku tatu. Ungeniambia hata siku ya pili."

Nikasema ndiyo.

"Na ulipita hapa mlangoni."

"Nilipita."

Akatia taka kwenye ndoo. Hakunifukuza. Nilisimama pale kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa, kisha nikarudi nyumbani.

Leo ni Jumamosi nyingine. Nilikaa kitandani asubuhi nikijiuliza niende au nisiende, mkazamjomba wako akaniambia nywele hazijui habari za watu. Nikaenda. Akanifunga shuka shingoni, akanipa kile kioo nishike. Alininyoa kwa uangalifu kama kawaida yake. Habari za mpira hakuna, habari za mtaani hakuna. Nikitazama kwenye kioo naona mikono yake tu.

Alipomaliza akanikung'uta shingo. Nikalipa, akapokea. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Mzee. Yule mpwa wako amepata kazi?"

"Bado."

Akafikiri. Alikuwa anasafisha wembe, hakuniangalia.

"Mwambie ile barua yake ya pili, ya kuniomba samahani, niliipata. Sikuijibu. Lakini niliipata."

Ndiyo salamu niliyopewa nikufikishie.

Mjomba wako